Barua kwa Hamisi: 7805 yako haijafa

Ndugu yangu Hamisi,

Ama baada ya salamu, kabla hujanunua 7805 ya tatu, ile chipu ya kidhibiti inayoshusha umeme wa betri hadi volti 5, ningependa uniamini kwamba hizo mbili ulizozitupa pengine zilikuwa nzima. Unasema chaja ya simu uliyoiunga kwenye betri ya sola hufanya kazi dakika chache, hukata, kisha baada ya muda huwaka yenyewe. Chipu iliyokufa haifufuki. Hiyo inajizima kwa sababu ya joto, kama ilivyoundwa.

Ndani yake mna transista kubwa ambayo mkondo wote wa mzigo hupitia, na sakiti ndogo inayolinganisha volti zinazotoka na kipimo kisichobadilika, ikiibana au kuilegeza transista ile ili zitoke volti 5 daima. Zinazozidi hazirudi kwenye betri: zinageuka joto. Betri yako inapochajiwa hufika volti 14.4, toa 5, zinabaki 9.4, na simu ikivuta ampea 1, kipande kile kinachotoshana na ukucha wa dole gumba kinabeba wati 9.4 za joto, huku simu ikipata wati 5 tu. Bila bati la kupoozea, kila wati hupandisha joto la ndani kwa nyuzi za Selsiasi zipatazo 65 juu ya joto la hewa, hivyo hata wati 2 ni nyingi mno, sembuse 9!

Bati la alumini lingesaidia kiasi, lakini kwa kazi hii mimi nisingehangaika nalo. Tafuta kidhibiti chenye koili, kile kinachowasha na kuzima umeme kwa kasi badala ya kuunguza ziada. 7805 iwekee ile redio yako ndogo, kwa kuwa umeme wake ni mtulivu na hauleti mikwaruzo kwenye sauti. Iwekee kapasita (kipande kidogo kinachotunza chaji ya umeme) ya maikrofaradi 0.33 upande wa kuingilia na ya 0.1 upande wa kutokea, zote karibu na miguu yake. Betri ya volti 6 uliyoitaja haitafaa, maana chipu hii huhitaji takriban volti 7 ili itoe 5 kamili.

Jambo moja lililonigharimu mwenyewe: mguu wa kati wa 7805 ni wa hasi, lakini wa 7905, ile ya volti hasi, ni wa kuingizia umeme. Niliziunga sawasawa kama mapacha, nikanusa moshi.

Ukishapima volti za betri mchana, niandikie.

Wako,
Salum