Umma Party haikuzaliwa kwa uchu wa viti

Mheshimiwa Mhariri,

Nalisoma gazeti lako tangu nikiwa mwalimu, na sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja. Leo nimeshindwa kunyamaza. Ile habari yenu ya Jumapili iliyopita, iliyosema kuwa Umma Party, chama alichokiunda Abdulrahman Babu mwaka 1963 alipotoka Hizbu (Zanzibar Nationalist Party), ilikuwa "ugomvi wa vijana wa Hizbu waliokosa viti", nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimemkumbuka marehemu baba yangu, karani wa bandarini na mwanachama wa Umma, ambaye hakugombea kiti chochote maisha yake yote.

Ni kweli kwamba uteuzi wa wagombea wa Hizbu mwaka 1963 ndio uliowasha moto. Hilo silikatai. Lakini kuni zilikuwa zimekauka zamani. Abdulrahman Babu aliporudi kutoka London mwaka 1957 akawa katibu mkuu wa Hizbu, alikuta chama cha wenye mashamba na masheha, akakijaza makuli, mabaharia, makarani na vijana wa skuli. Watu hao walifanya kazi ya chama usiku na mchana, kisha wakawa wanauliza: uhuru ukija, utakuwa wa nani? Jibu hawakulipata. Babu akafungwa mwaka 1962 kwa kesi ya uchochezi, ilhali chama chake mwenyewe kimo serikalini pamoja na mshirika wake, chama cha ZPPP. Akatoka Aprili 1963, na haikupita miezi mingi akajitoa, akaondoka na makomredi wake. Sasa nakuuliza, Mhariri: katika uchaguzi wa Julai ile chama cha upinzani, ASP (Afro-Shirazi Party), kilipata asilimia 54 ya kura na viti 13, Hizbu na ZPPP wakapata 18 na wakatawala. Mwenye njaa ya kiti huikimbia karamu sinia likiwa mlangoni?

Na kwa kuwa nimetaja sinia, nikueleze lililotukuta sisi. Baba alitoka Hizbu akaingia Umma pamoja na wenzake wa chama cha wafanyakazi. Ami yangu, kaka yake wa tumbo moja, alibaki Hizbu. Tulikuwa nyumba mbili zinazotazamana, uchochoro mmoja katikati, na kila Maulidi mama alikuwa akipika pilau, akilifunika sinia kwa kawa jekundu alilolisuka mwenyewe, mimi na dada yangu tukilivusha. Maulidi ya Agosti 1963 tulilivusha kama kawaida. Nilikuwa na umri wa miaka minane. Ami alifungua mlango, akalitazama, akasema, "Mrudishieni komredi chakula chake." Akafunga. Tukasimama pale uchochoroni, dada kashika upande huu, mimi upande huu, mvuke wa pilau unatoka pembeni ya kawa, tukiona haya kurudi nyumbani kwa mama. Mama hakusema neno. Alilipokea sinia, akaliweka chini, akaingia chumbani. Baba na ami hawakusemezana tena mpaka bibi yao alipofariki, na hata siku ile walibeba jeneza pande mbili tofauti. Watu hawavunji udugu namna hiyo kwa ajili ya kiti cha mtu mwingine! Walikuwa wanagombana juu ya nchi, kila mmoja kwa imani yake, na ami pia simlaumu. Mwandishi wenu ameyafuta yote hayo kwa sentensi moja.

Tena mmeandika kana kwamba makomredi walikuwa kitu kimoja hadi mwisho. Hawakuwa. Chama kilipigwa marufuku mwanzoni mwa Januari 1964, siku chache kabla ya Mapinduzi, na Machi mwaka huohuo kikaunganishwa na ASP. Wako waliofurahi wakasema kazi imekamilika. Wako, na baba alikuwamo, waliosema tumemezwa. Walibishana barazani kwetu hadi kahawa ikapoa. Baada ya mzee Karume kuuawa Aprili 1972, wote walikuwa mamoja tu mbele ya mkono uliokuwa ukikamata. Kesi ya uhaini iliyofuata ilikuwa na washitakiwa 81. Babu alihukumiwa kifo ilhali yuko kizuizini Bara, akaachiwa 1978, akafia London 1996. Baba aliitia kadi yake ya Umma ndani ya mkebe wa maziwa, akaufukia chini ya mwembe wa uani. Tulipoufukua, kutu ilikuwa imekula pembe moja ya kadi, lakini jina lake linasomeka.

Kuna na jambo jingine linaloniuma. Miaka sita iliyopita alikuja kwangu mtafiti mmoja, kijana mwenye adabu, akaazima picha ya baba na wenzake waliyopiga bandarini mwaka 1962. Aliahidi wiki moja. Hajarudi, na simu haipokelewi. Jirani yangu naye alitoa barua za mumewe kwa mtu mwingine, zikaenda vivyo hivyo. Wazee wengi hapa mtaani wamenyang'anywa kumbukumbu zao kwa tabasamu, halafu magazeti yanaandika kuwa hakuna ushahidi, na kila mtu anajitungia lake.

Kwa hiyo naomba hivi. Mlete mwandishi wenu nyumbani kwangu Jumanne yoyote baada ya sala ya Alasiri. Aje na daftari na simu ya kupigia picha. Kadi nitaitandaza juu ya mkeka, aipige picha palepale, mbele yangu, pande zote mbili, na hakuna karatasi itakayovuka kizingiti. Kisha nitamvusha uchochoro nimpeleke kwa mtoto wa ami, amsikilize na yeye.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Miembeni, Zanzibar