Zuhura, majina yatangulie kamera

Shoga yangu Zuhura,

Hujambo, na hapo Tanga hawajambo? Goti la mama linaendeleaje? Huku wote wazima, na Bi Mkubwa anakusalimu sana. Nimeusoma ujumbe wako na zile kurasa nne za storibodi (michoro ya shoti moja moja), nikaona simu haitatosha. Mengi ninayotaka kukwambia ni ya kusoma ukiwa na kalamu mkononi, tena kabla hamjaanza kupiga picha Jumamosi.

Wazo lenu nimelipenda kweli. Filamu ya taharuki inayofunguka kwa mikono tu, mtu anaghushi hati ya nyumba usiku na uso hatuuoni mpaka mwisho, hiyo inaingia kwenye dakika mbili bila kubanwa. Kilichonishtua ni ule mstari mdogo chini ya ukurasa wa nne: "Majina tutaweka tukihariri." Hapana, Zuhura. Chuo kimewataka mwanzo wa filamu wenye majina ya walioitengeneza, kwa hiyo majina ndiyo kazi yenyewe. Tazama shoti mlizochora: karibu zote kitu kikuu kiko katikati na kimejaza fremu. Jina la Neema litakaa wapi? Juu ya vidole? Juu ya muhuri?

Hata wakubwa limewakuta. Filamu ya Touch of Evil ya Orson Welles, ya mwaka 1958, inaanza kwa shoti moja ya zaidi ya dakika tatu isiyokatwa: bomu linawekwa kwenye gari na sisi tunalifuata gari hilo mitaani. Studio ikabandika majina na muziki wa Henry Mancini juu yake. Mtu anatakiwa aliangalie gari roho ikiwa juu, na macho yake yanasoma majina. Welles aliwaandikia studio memo ya kurasa 58 kuhusu uhariri wa filamu nzima, na mhariri Walter Murch alipoihariri upya mwaka 1998 kwa kuifuata memo hiyo, majina yaliondolewa pale yakapelekwa mwisho. Ninyi hamna ruhusa ya kuyapeleka mwisho. Basi yatengenezeeni nafasi tangu sasa.

Leo hii kaeni mwandike orodha. Kwa desturi inatangulia kampuni, wanafuata waigizaji wakuu, linakuja jina la filamu, waigizaji wengine, kisha mavazi, mandhari, muziki, mhariri, mpigapicha, mtayarishaji, mwandishi, na mwongozaji anafunga. Mko wanne na Shabani ana kazi tatu. Msimrudie mara tatu, unganisheni kazi zake kwenye kadi moja, yaani maandishi yanayotokea kwa pamoja kwenye picha. Mkifika kadi kumi, ukiacha ya jina la filamu, inatosha. Kila jina likae sekunde 3, jina la filamu sekunde 5, na kati ya kadi na kadi ziachwe sekunde 5 za picha tupu. Anza na sekunde 10 zisizo na jina lolote, mtu azame kwanza. Ukijumlisha, mwongozaji anatoka kwenye sekunde ya 95, na zinabaki 25 safi za kumfunua mtu wenu. Mkiweka kadi kumi na tano hesabu hii inavunjika, na kitakacholiwa ni zile 25 za mwisho, ambazo ndizo taharuki yenyewe.

Tena orodha hiyo kila mtu aandike jina lake mwenyewe kwa herufi anazotaka, ulinakili kutoka hapo bila kuliandika upya. Makosa ya majina ndiyo yanayopita kirahisi kuliko yote, kwa sababu macho ya mhariri yameshayazoea.

Sasa nafasi. Chukua plastiki angavu ile ya kufunikia madaftari, ikate saizi ya kioo cha simu mtakayopigia picha, ibandike kwa selotepu, kisha kwa kalamu ya wino mzito chora sanduku pale jina la shoti hiyo litakapokaa. Anayeshika kamera ahakikishe ndani ya sanduku hakuna kitu chenye mwanga wala mistari mingi: meza yenye giza, ukuta ulio nje ya fokasi, kivuli. Acha asilimia 5 kila upande, yaani kwenye fremu ya 1920 kwa 1080 ni pikseli 96 kulia na kushoto, 54 juu na chini, maana projekta nyingi za darasani hukata kingo.

Na angalia macho ya mtazamaji yako wapi pale shoti inapokatwa. Muhuri ukigonga upande wa kulia, jina linalofuata litokee kulia. Likitokea kushoto, mtu anapoteza muda kulitafuta, na sekunde zilikuwa tatu tu. Wengi hudhani kasoro hiyo ni ya fonti, wanaongeza ukubwa wa herufi, na tatizo linabaki palepale.

Kwa shoti za majina, baada ya tendo kwisha acha kamera iendelee sekunde 10 bila mtu kugusa kitu. Jina la sekunde 3 linalotokea na kufifia kwa fremu 8 kila upande (kama theluthi ya sekunde) linahitaji picha iliyotulia kwa sekunde 4 au zaidi, na mkishafika kwenye kompyuta hamwezi kuzitengeneza.

Ila kuna njia ninayoipenda zaidi kwa hadithi yenu: majina matatu au manne yawe kwenye hati yenyewe! Mpigapicha awe "Shahidi wa Kwanza", mhariri awe karani aliyetia sahihi, na jina la filamu, Hati ya Pili, lije kwa muhuri. Hapo jina halishindani na picha tena, linasomwa kwa sababu hati inasomwa. Herufi ziwe na urefu usiopungua sehemu moja ya ishirini ya fremu, na kamera itazame karatasi wima kutoka juu. Ikikaa kimshazari, nusu ya jina itatoka nje ya fokasi.

Hilo linanifikisha kwenye wembe. Shoti ya wembe ukikwangua jina iondoeni. Mwaka 1995 Kyle Cooper alitengeneza mwanzo wa filamu ya Se7en kwa mikono ya muuaji, madaftari, wembe na herufi zilizokwaruzwa kwa mkono, na tangu hapo wanafunzi wengi wameirudia. Mwalimu wenu ataijua kabla ya sekunde ya tano. Mna kitu chenu kizuri zaidi: chai. Birika linachemka, majani yanaingia, tunadhani mtu anajipikia chai ya usiku. Halafu anaimimina kwenye sinia na kulaza hati mpya humo ili izeeke. Pale ndipo mtazamaji anapoelewa yuko na mtu gani, na hakuna aliyesema neno.

Chai yenyewe iwe ya rangi, iliyokolea na kupoa kidogo, karatasi ilale dakika 5, ikaushwe kivulini, kisha ipigwe pasi ya moto mdogo kwa nyuma. Hati zitolewe kwenye mashine ya fotokopi ya unga wa wino. Zikichapwa kwa printa ya wino wa maji, maandishi yatayeyuka humo kwenye sinia. Toeni nakala kumi na mbili, kwa sababu kila mkigonga muhuri vibaya karatasi imekwisha. Tafadhali sana, msitumie Nembo ya Taifa, wala muhuri wa ofisi yoyote ya kweli, wala namba ya kiwanja au ya kitambulisho cha mtu yeyote. Bunini ofisi isiyokuwepo. Na taarifa ya shoti ya nje usiku muipeleke serikali ya mtaa mapema, mkiulize na chuo kuhusu kibali cha Bodi ya Filamu.

Simu iwekeni fremu 25 kwa sekunde, na shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) 1/50 ya sekunde. Umeme wetu ni wa hezi 50, na simu nyingi zikiachiwa zinapiga 30. Chini ya taa za mirija unapata mistari inayotembea kwenye ukuta, na hakuna dawa nzuri ya kuiondoa baadaye. Tatizo jingine ni kwamba kamera ya kawaida ya simu hubadilisha idadi ya fremu yenyewe giza likizidi, sauti ikaanza kuachana na picha. Tumieni programu inayokubali kufunga idadi hiyo isibadilike. Blackmagic Camera ni ya bure. Fungeni pia fokasi, mwangaza na rangi, la sivyo sinia la chai likiingia kwenye fremu ukuta wote utabadilika rangi. ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, isipite 800. Picha ikiwa nyeusi mno, sogezeni taa karibu, msipandishe ISO, maana chengachenga zitacheza nyuma ya majina na herufi zitaonekana kutetemeka.

Taa moja inatosha, iwe pembeni na chini, karibu usawa wa meza. Mwanga wa namna hiyo unafufua mikunjo ya karatasi, na kivuli cha simu hakiangukii hati. Umeme ukikatika mkahamia taa ya kuchaji, ijaribuni kwanza kwenye kamera, kwani nyingi zinapepesa zikipunguzwa mwanga. Na ile shoti ya nyumba jioni msiihesabie muda mrefu: huku kwetu karibu na ikweta, jua likishazama mna kama dakika 20 tu za mwanga wa buluu. Panga pembe moja, si tatu.

Sauti naigusa kwa ufupi, ingawa ina mengi. Kaka Idi akikubali kuwapigia udi, mwombe avute nyuzi nzito polepole kwa mapigo 60 kwa dakika. Kwenye fremu 25, pigo moja linaangukia fremu ya 25 kamili, na jina la sekunde 3 ni mapigo matatu. Mapigo 75 nayo yanakubali, pigo kila fremu 20. Mapigo 70 hayagawanyiki sawa, na utahangaika kulinganisha muhuri na muziki. Ruhusa yake ichukueni kwa maandishi. Mlio wa muhuri urekodiwe peke yake, simu ikiwa sentimita 20 kutoka kwenye meza ya mbao, mara laini na mara kwa nguvu. Rekodi pia dakika moja ya chumba kikiwa kimya, ya kujazia pale mnapokata. Mvumo mzito chini ya hezi 100 hautasikika kwenye spika za kompyuta ya darasani, kwa hiyo uchanganyeni na sauti ya katikati, 200 mpaka 400. Halafu nyamazisha kila kitu nusu sekunde kabla ya jina la filamu.

Fonti iwe moja, unene wa wastani, na hakikisha leseni yake inaruhusu. Nyembamba sana inakatikakatika video ikibanwa. Zile zenye damu inayodondoka ziache kabisa. Saul Bass kwa filamu ya Psycho, mwaka 1960, alitumia herufi za kawaida na mistari ya kijivu inayoingia kutoka pembeni na kuyakata majina, juu ya nyuzi za Bernard Herrmann, na mpaka leo mtu anakaa vibaya kwenye kiti akiitazama. Hofu ilitoka kwenye jinsi majina yanavyokatwa. Nyeupe yako iwe asilimia 90 tu, isimeremete gizani. Mkimaliza kwenye programu ya kuhariri ya DaVinci Resolve (ya bure inatosha) tia chengachenga kidogo, ili giza lisigawanyike ngazi ngazi, kisha toa faili ya MP4 kwa megabiti 20 kwa sekunde. Kwa WhatsApp itume kama dokumenti. Ukiituma kama video, majina ndiyo yataharibika kwanza.

Narudi palepale, unisamehe: mkikosa muda wa mengine yote, fanyeni orodha na masanduku. Kwa kila shoti kwenye storibodi andika pembeni jina gani, upande gani, sekunde ngapi. Shoti isiyo na jina nayo iandikwe "tupu", ili ijulikane mliiacha kwa makusudi.

Sasa nijibu: anayeshika kamera ni Shabani au yule binamu yake? Mna stendi, au mtaazima kwa Mwalimu Kombo tena? Neema amekubali mikono yake itiwe wino, na harusi ya dada yake si wiki hiyohiyo? Uso wa mwisho ni wa nani, maana kwenye storibodi sikuelewa kama ni mama mwenye nyumba au karani? Mmeshamuuliza Kaka Idi? Na orodha ya majina unaweza kunitumia kabla ya Alhamisi usiku, nikurudishie ikiwa na sekunde zake? Nami nitaanza kuichora hati, mradi uniambie hiyo ofisi yenu ya kubuni mnaiitaje.

Msalimie mama, na watoto wa Bi Saumu.

Wako akupendaye,
Mwajuma