Mlitulipisha ziara ya watoto, kumbe watoto hamkuwahesabu

Kwa Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU ZIARA YA FAMILIA, FORT JESUS NA MJI WA KALE

Assalam aleykum. Mimi ni mteja wenu, mkaazi wa Tudor hapa hapa Mombasa, na naandika barua kwa sababu simu nikipiga hamshiki na meseji za WhatsApp mwazisoma kisha kimya.

Likizo hii dadangu aliteremka kutoka Nakuru na wanawe, tukasema safari hii watoto wasishinde baharini tu, tuwapeleke wakaone majumba ya kale wajue mji wa babu zao umetoka wapi. Tangazo lenu lasema "ziara ya familia, inafaa watoto", Fort Jesus, Mji wa Kale, alafu Jumba la Mtwana, yale magofu ya kale upande wa Mtwapa, na gari, maji ya kunywa, tiketi na mtembezaji anayejua kuongea na watoto vyote viko ndani ya bei moja. Nikalipa yote kwa M-Pesa kabla ya siku yenyewe na risiti ninayo. Gari ilichelewa, hilo sina neno, jamu ya Mombasa twaijua sote. Maji hatukuyaona, tukajinunulia. Hayo madogo.

Kubwa ni Fort Jesus. Kijana mliyetupa alianza pale mlangoni kwa kuwaambia watoto kwamba ngome ilijengwa na Vasco da Gama. Mwanangu mkubwa yuko gredi ya sita, haya mambo anayapenda sana, akainua mkono kwa adabu kabisa akasema, lakini ami, Vasco da Gama si alikuja 1498? Akajibiwa, "Wewe nyamaza, umekuja kusikiza ama kufundisha?" Mbele ya binamu zake, mbele ya mamake. Na mtoto alikuwa sawa jamani! Vasco da Gama alikufa 1524, na ngome ile Wareno walianza kuijenga 1593, mchoraji ramani akiwa Muitaliano kwa jina Giovanni Battista Cairati, yani Vasco ashazikwa zamani karibu miaka 70 nyuma. Tangu hapo mwanangu hakuuliza tena, alitembea nyuma yetu kichwa chini mpaka tukatoka, na huyu ni mtoto ambaye nyumbani maswali yake hayaishi mpaka alale.

Mtoto mdogo wa dadangu naye, kitindamimba wake, aliposikia kwamba Waomani waliizingira ngome kuanzia 1696 mpaka 1698, karibu miaka mitatu, akauliza swali la maana kuliko yote niliyoyasikia siku hiyo: sasa wale waliokuwa ndani walikuwa wakinywa maji gani? Mtu wenu akatazama simu, akasema twendeni twendeni. Kisima kiko pale pale uani, na birika la kuvunia maji ya mvua liko, ni kumshika mtoto mkono umpeleke akachungulie basi, hata dakika tano hazifiki. Ikabidi nimpeleke mwenyewe mbio mbio huku nyuma twaitwa kwa makofi.

Na pale kwenye ile michoro ya ukutani nliumia zaidi. Wale mabaharia na askari wa Kireno walichora kwa makaa na rangi nyekundu, meli zao na watu, mistari imekwenda upande kama mtoto wa nasari alivyochora, na ndio maana watoto waliganda pale, hakuna aliyewaambia wasimame, walisimama wenyewe. Mpwa wangu wa kike akawa anafuata tanga la meli moja kwa kidole hewani, bila kugusa, anajaribu kuhesabu milingoti. Hapo ndipo mtu anayejua kazi angewaambia kwamba kuna meli ya kweli, Santo António de Tanna, ilikuja kuwaokoa Wareno waliozingirwa ikazama 1697 pale pale mbele ya ngome, na vitu vilivyotolewa chini ya maji viko kwenye makumbusho hatua chache tu kutoka hapo. Watoto wangeruka kwa furaha. Badala yake wakaambiwa hizo ni picha za zamani tu, tusonge. Makumbusho yenyewe tuliingia mlango huu tukatokea ule. Na kwamba Waingereza walipafanya jela tangu 1895 mpaka 1958 hakutaja kabisa, na babangu mzazi alikua akiiona ile ikiwa bado ni jela.

Kuna jambo lingine na hili naomba mlichukulie uzito. Tulipopanda juu ya ukuta upande wa baharini, kijana wenu alienda kando kupokea simu, watoto wamepanda mizinga, mmoja ashaanza kukimbilia ukingoni. Ule ukuta ni mrefu sana, chini ni mwamba. Mimi na dadangu ndio tulikimbia. Kama mwauza ziara ya watoto, kuna mtu lazima macho yake yawe kwa watoto muda wote, hilo si la kujadiliana.

Kutoka hapo nlidhani twaingia Mji wa Kale kutazama milango ya nakshi na roshani za mbao, manake watoto wa bara hawajaziona. Tukapelekwa moja kwa moja duka la vinyago. Tulikaa mle muda mrefu kuliko tuliokaa ndani ya ngome, nasema kweli, wauzaji wanawavisha watoto shanga shingoni kisha wanamgeukia mamake walipwe, na mtu wenu amekaa mlangoni anakunywa soda na mwenye duka. Kamisheni yake ni yake, siwezi kumzuilia mtu riziki, lakini asiitafute kwa muda wangu nlioulipia. Niliposema jamani tutoke ndio akatupeleka Msikiti wa Mandhry, na saa yenyewe adhuhuri, watu watia udhu waingia kuswali, yeye amesimama njiani anapaza sauti na kututaka tujipange tupigwe picha. Msikiti ule ni wa 1570, umri wake washinda Fort Jesus yenyewe, na mpaka leo waswaliwa. Nliona haya. Wazee wa mtaa wanatutazama, na wengine wananijua. Mpangilio mzuri ungekuwa kuanza hapo asubuhi na mapema, wakati pametulia, watoto waonyeshwe mnara waambiwe habari zake kwa sauti ya chini, kisha ngome.

Jumba la Mtwana ndio hatukufika kabisa. Tukaambiwa saa zimeenda, daraja la Nyali limejaa, Mtwapa nako jamu, kwa hivyo tumemaliza. Saa zimeenda wapi? Zimeenda dukani. Na pale ndipo nlipopataka zaidi kuliko kote, manake watoto wana nafasi ya kuzunguka, mibuyu mikubwa, magofu ya msikiti karibu na bahari, ile nyumba ya milango mingi ambayo mtoto aingia huku atokea kule, ni mji wa Waswahili wa karne ya 14 na si wa mgeni yeyote. Nliwaahidi wapwa zangu. Walirudi Nakuru bila kupaona, na dadangu kuwateremsha tena si leo wala kesho, nauli mwazijua.

Sasa ninayoyataka ni haya. Pesa ya Jumba la Mtwana irudi, usafiri na tiketi. Tiketi za Fort Jesus pia mnionyeshe zilivyokatwa, kwa sababu mlinitoza kichwa kwa kichwa bei moja na pale getini mtoto halipi sawa na mtu mzima. Mwanangu aombwe radhi, na aombwe yeye mwenyewe kwa simu ama kwa sauti ya WhatsApp, si mimi, kwa sababu aliyenyamazishwa ni yeye. Na huyo kijana msimfukuze kazi, sikuandika kwa hilo, mfundisheni, ama mumpe mzee yeyote wa Mji wa Kale atembee naye wiki moja asikize, wako wengi tu barazani ambao watoto wakiwaona huwazunguka wenyewe. Mpaka hapo yale maneno "inafaa watoto" yatoeni kwenye tangazo, kuna mzazi mwengine saa hii ayasoma anataka kulipa.

Nangoja jibu la maandishi mpaka Ijumaa ijayo. Nisipolipata, Jumatatu asubuhi nakuja ofisini mwenyewe na risiti na lile tangazo nimelichapisha. Namba yangu ni ile ile nliyolipia.

Mteja wenu,
Mama wa watoto wawili, Tudor, Mombasa