Waigizaji wa jukwaani wa Korea nao waandikwe

Ndugu Mhariri,

Haipiti wiki kurasa zenu za burudani zikakosa picha ya nyota wa sizoni za Kikorea. Sina ugomvi na hilo, nami ni mteja mzuri wa sizoni hizo, zilizotafsiriwa na zisizotafsiriwa. Ila waigizaji wa jukwaani wa nchi hiyo sijaona mkiwagusa.

Chukueni mfano wa Baek Sung-hee. Alizaliwa Seoul mwaka 1925, Korea ikiwa koloni la Japani, akapanda jukwaani mwaka 1943. Jumba la Taifa la Maigizo lilipofunguliwa mwaka 1950, alikuwa miongoni mwa waigizaji wake wa mwanzo. Hata miezi miwili haijaisha, vita vikazuka. Jumba likahamia mji wa Daegu, na halikurudi Seoul hadi mwaka 1957. Filamu na televisheni ziliwavuta wengi; yeye akang'ang'ania jukwaa, akacheza michezo inayopita 400, na mara mbili akakiongoza kikundi cha taifa, mwanamke wa kwanza kupewa kazi hiyo.

Lakini kilichonigusa hasa ni ukumbi wa Seogye-dong, Seoul. Eneo hilo lilikuwa la magari ya jeshi. Likageuzwa kuwa la maigizo, na ukumbi mmoja ukapewa majina ya Baek Sung-hee na mwenzake Jang Min-ho, wote wawili wakiwa hai. (Kwetu heshima hiyo, mtu akiwa bado anapumua, wameizoea zaidi marais.) Machi 2011 wakaigiza humo wenyewe, katika mchezo uitwao Theluji ya Machi. Mzee ameuza nyumba yake ya mwisho kwa sababu ya madeni ya mjukuu, na siku za kuhama akipiga soga na mkewe. Polepole mtazamaji anang'amua kwamba mke huyo alikwishafariki. Baek alikuwa na miaka 85, Jang akimzidi kidogo. Jang alifariki mwaka 2012, Baek Januari 2016.

Mtasema wasomaji hawamjui Baek. Wanamjua Lee Young-ae wa sizoni ya Dae Jang Geum, sivyo? Basi katika filamu ya mwaka 2001 aliyocheza Lee, One Fine Spring Day, yule bibi aliyepoteza kumbukumbu, anayekwenda stesheni kumngojea mume aliyekufa zamani, ndiye Baek.

Naomba mtenge hata nusu ukurasa kwa watu wa namna hii. Mnaweza kuanza na Park Jeong-ja, aliyezaliwa mwaka 1942 na kuingia jukwaani miaka ya 1960. Kwa miaka mingi alikuwa akirudia kumwigiza Maude, bibi wa miaka 80 katika mchezo wa Harold and Maude, na mwaka 2021 akamwigiza tena huku yeye mwenyewe akikaribia umri huo.

Msomaji wenu,
Tabata, Dar es Salaam