Ushindani wa mitandao utaishia mjini mpaka lini?

Mhariri salaam, naomba kanafasi kwenye gazeti lako maana hili jambo limenikaa moyoni muda mrefu.

Mimi ni wakala wa miamala hapa Kibaigwa, jirani na soko la mahindi, mezani nina laini za mitandao yote ya simu na msimu wa mavuno nahudumia wakulima, madalali na madereva kutwa nzima, kwahiyo ushindani wa hizi kampuni nauona kwa macho yangu na kusema ukweli umetusaidia sana. Wadogo zetu hawakumbuki ila zamani ukimtumia hela mtu wa mtandao mwingine alikuwa anapata meseji yenye namba ya siri, halafu inabidi amtafute wakala wa mtandao WAKO ndo atoe, asipompata anazunguka na meseji tu. 2014 Tigo, ambao siku hizi ni Yas, wakakubaliana na Airtel na Zantel hela ipite moja kwa moja, Vodacom nao wakaingia 2016. Hakuna kampuni iliyokufa kwa hilo, miamala ndo kwanza ikaongezeka, na mimi kibanda changu kikasimama.

Kwenye kupiga simu pia hivyo hivyo. Watu walikuwa wanatembea na laini tatu kwa kuogopa kupiga mtandao mwingine, TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano, ikawa inashusha ile hela ambayo kampuni moja inamlipa mwenzake simu ikivuka, 2018 ilikuwa shilingi 15.60 kwa dakika, 2022 ikafika shilingi 2. Leo vifurushi vya mitandao yote viko kila kona.

Sasa nenda kijijini kwetu, upande wa Mpwapwa. Mnara mmoja, kampuni moja. Mwaka jana mama mkubwa alizidiwa usiku na mnara ulikuwa umezima tangu jana yake, mjomba akapanda kilimani na tochi kutafuta sehemu mtandao unasoma, hakupata, wakasubiri mpaka kumekucha ndo kijana mmoja akaenda na pikipiki kuleta gari. Mama mkubwa alipona, namshukuru Mungu, lakini ule usiku siusahau. Tangu 2017 tuna haki ya kuhama mtandao bila kubadili namba, ni kitu kizuri kabisa, ila mtu wa kijijini kwetu ahamie wapi?

Na siyo ugonjwa tu. Mnunuzi anafika na fuso anajua bei ya Kibaigwa ya leo asubuhi, mkulima anajua ya wiki iliyopita, mtandao hausomi apige aulize, anauza hivyo hivyo huku gunia limejazwa lumbesa, yaani kupita kipimo. Mimi nakaa sokoni naona hayo mahindi yanavyoshushwa na yanauzwa kwa bei gani, inaniuma sana.

Ninachoomba ni kwamba pale penye mnara mmoja, laini ya mtandao wowote iruhusiwe kushika huo mnara, na pakijengwa mnara wa pili kampuni zote ziutumie. Hii siyo ndoto. Ukivuka Namanga ukaingia Kenya laini yako ya Tanzania inashika mtandao wa kule na kampuni zinalipana zenyewe, kwanini ishindikane Mpwapwa ndani ya nchi moja? Tena minara mingi siku hizi siyo hata ya kampuni za simu, Tigo waliuza yao kwa Helios, kampuni ya minara, 2010 na Vodacom 2013, mwenye mnara anapangisha, huyu anafunga antena zake juu na yule chini yake. Najua aliyetangulia kujenga atasema ametumia hela yake, ni kweli na alipwe kwa kila dakika na kila bando linalopita pale, kama wanavyolipana sasa simu ikivuka. Lakini palipojengwa kwa ruzuku ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote hapo sioni cha kubishania, ule mfuko uliwekwa na sheria ya 2006 kwa ajili ya sehemu ambazo kampuni hazioni faida, sasa iweje matunda yake awe nayo mmoja peke yake.

Halotel walipoingia 2015 walikwenda vijijini ambako wengine walikuwa wanapapita tu, na wengine nao wakaamka. Sisi tunaujua ushindani ukifika unafanya nini, shida haujafika.

Wizara ya mawasiliano iko hapa hapa Dodoma, Mtumba. Waanze na wilaya moja tu, iwe Mpwapwa au Kongwa, waijaribu kuanzia Juni mahindi yanapoanza kushuka sokoni, sisi mawakala tutawaambia wiki kwa wiki kinachotokea.

Wakala wa miamala,
Kibaigwa, Dodoma