Kwa vijana wa zamu ya seva: habari isomwe na daftari mkononi

Wanangu,

Shikamoo zenu za kila asubuhi kule kundini nimezipokea, marahaba. Naandika kwa sababu nikiwaambia kwa mdomo mnacheka, na nikituma sauti ya dakika sita hakuna anayeisikiliza hadi mwisho.

Jambo lenyewe ni hilo mnaloliita kwenda na wakati. Kutwa nzima mnamwaga viungo: tundu jipya la usalama la Linux, toleo jipya la Kubernetes, kampuni fulani imebadili leseni. Juzi nikamuuliza mmoja wenu, kwa utani tu, seva yetu ya barua pepe inatumia toleo la ngapi la Debian, ule mfumo wa Linux unaoiendesha. Akasema, "Mzee, ngoja nicheki." Kucheki si kosa. Lakini alikuwa ametoka kunieleza kwa robo saa habari za programu ambayo hatuna popote.

Nianze na aibu yangu mwenyewe, msije mkadhani nawasimanga.

Ilikuwa Alhamisi, 30 Septemba 2021. Let's Encrypt, wale wanaotoa vyeti vya bure vya tovuti, walikuwa wametangaza mapema kwamba cheti cha mzizi cha zamani, DST Root CA X3, yaani kile ambacho vyeti vingine huegemea ili viaminiwe, kinafikia ukomo siku hiyo. Habari hiyo niliisoma zaidi ya mara moja, hata wenzangu nikawasomea. Saa ilitajwa kwa UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma yetu kwa saa tatu, 14:01. Kijana mmoja akasema hiyo ni saa nane mchana. Saa nane ikapita salama, akashangilia. Alisahau kujumlisha tatu. Saa yenyewe ilikuwa kumi na moja jioni. Nayo ikafika, tovuti zetu zote zikafunguka vizuri, nikafunga begi nikawahi daladala. Tuko kwenye foleni, simu ikaita: malipo hayapiti.

Kumbe kulikuwa na mashine moja ya Ubuntu 16.04, mfumo mwingine wa Linux, toleo la zamani, chini ya meza ya mhasibu. Aliyeiweka alishaacha kazi. Kila baada ya dakika kumi, skripti yake ilivuta orodha ya malipo kutoka seva nyingine. OpenSSL yake, maktaba ya programu inayokagua vyeti, ilikuwa 1.0.2, na matoleo ya rika hilo yakikuta mnyororo wa vyeti unaoishia kwenye mzizi uliokufa hukataa, hata kama mzizi mpya ulio hai upo pale pale. Tangazo nililolisoma lilisema hivyo hivyo, kwa mstari mmoja: wenye OpenSSL 1.0.2 wajiandae. Mstari ule niliuruka, maana kichwani mwangu mashine ya namna hiyo hatukuwa nayo. Nikarudi ofisini, nikafuata waya kwa mkono, nimeng'ata simu mdomoni iwe tochi, hadi nikaifikia. Nikahakikisha mzizi mpya umo, nikauondoa uliokufa, malipo yakapita. Ilikuwa saa nne usiku, na shati lilikuwa limejaa utando wa buibui.

Tangu siku ile nina kaunta buku. Kila mashine ina ukurasa wake: iko wapi, nani aliiweka, mfumo gani na toleo gani, mlango upi umefunguliwa kwa nje, msaada wa usalama unaisha lini, na bakapu yake ilijaribiwa kurudishwa lini mara ya mwisho. Mnaniambia kuna programu za kazi hiyo. Zipo, zitumieni. Ila mashine ya chini ya meza haikuwamo kwenye programu yoyote.

Sasa ikumbukeni Ijumaa Kuu ya 2024, 29 Machi, tena katikati ya Ramadhani. Andres Freund, mhandisi wa Microsoft na mmoja wa wajenzi wa hifadhidata ya PostgreSQL, aliona kuingia kwa SSH, ile njia ya kuendesha seva ukiwa mbali, kunachelewa kama nusu sekunde kwenye mashine yake. Watu wengi wangelaumu mtandao wakaendelea na mambo yao. Yeye alichimba hadi akaukuta mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya kuingilia, ndani ya xz, programu ndogo ya kubana mafaili, matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Aliyeupachika alijiita Jia Tan. Zaidi ya miaka miwili alikuwa akimsaidia kazi mwenye mradi aliyeelemewa, hadi akaaminiwa funguo. Hicho ni kisa cha kusomwa chote, taratibu. Lakini kundini kwetu kilileta taharuki, na mmoja wenu akazima seva ya mteja watu wakiwa kwenye futari. Mimi nikafungua daftari: tunazo Debian 11 na 12. Xz ya Debian 12 ni 5.4.1, ya 11 ni 5.2.5. Toleo bovu, kwa upande wa Debian, lilikuwa limefika kwenye matawi ya majaribio tu. Nikarudi kwenye tambi zangu.

Miezi mitatu baadaye, 1 Julai, kampuni ya usalama ya Qualys ikatangaza tundu la OpenSSH, programu inayotoa hiyo SSH, lenye namba CVE-2024-6387, ikalibatiza regreSSHion. Kundi kimya. Siku hiyo Ureno walikuwa wanacheza na Slovenia kwenye Euro, nawaelewa. Lakini hilo ndilo lilikuwa letu! Liligusa matoleo kuanzia 8.5p1, na Debian 12 inatumia 9.2p1. Zile kuukuu za Debian 11, ambazo mnazidharau, zilisalimika, kwa kuwa 8.4 ilitoka kabla kosa halijaingia.

Na hapo nikaona jambo jingine. Kijana mmoja alisasisha, akaandika ssh -V kuuliza toleo, akaona bado ni 9.2p1, akaamini kiraka cha kuziba tundu hakijaingia. Nikamkuta anajitayarisha kujenga 9.8, toleo jipya lenye tiba, kutoka kwenye msimbo wa chanzo, usiku, kwenye mashine ya kazi, akiwa ameingia kwa SSH hiyo hiyo. Nikamshika mkono. Debian haipandishi toleo kwenye tawi tulivu, lile la kutumia kazini. Huchukua kiraka na kukishonea kwenye toleo lile lile, kisha hubadili mkia wa namba. Kifurushi kilichotibiwa kilikuwa 1:9.2p1-2+deb12u3. Habari yote iko kwenye mkia ule, deb12u3, na utaupata kwa amri ya dpkg -l openssh-server. Ndiyo maana nasema someni tangazo la wenye mfumo wenu kabla ya video ya mtu anayepiga kelele. Bando lenyewe mnalilipia. Na maktaba kama OpenSSL ikisasishwa, huduma iliyokwisha kuwaka inaendelea kushikilia ile ya zamani kwenye kumbukumbu hadi muiwashe upya.

Mkiniuliza nasoma nini: matangazo ya usalama ya Debian na ya Ubuntu, kila siku kabla ya saa mbili asubuhi, pamoja na chai. Vichwa tu. Jina lisilo daftarini nalipita bila huruma. LWN, gazeti la mtandaoni la habari za Linux, hutoa toleo lake kila Alhamisi, nami nalisoma mwisho wa wiki, bila haraka. Ugomvi wa leseni, kama wa programu ya Redis mwaka 2024 uliozaa mbadala wake Valkey, au wa Terraform mwaka 2023 uliozaa mbadala wake OpenTofu, hauhitaji mtu kukimbia. Nauandika pembeni mwa ukurasa na kusubiri vumbi litulie. Habari za kebo za intaneti za chini ya bahari nazo zimo. EASSy na Seacom zilipokatika 12 Mei 2024, kusasisha kulikuwa mateso, na ndipo tukaweka ile seva ndogo inayotutunzia vifurushi hapa hapa ndani.

Nimalizie na vyeti, maana vimerudi. Tangu Juni 2025 Let's Encrypt hawatumi tena barua pepe za kukumbusha kwamba cheti kinakaribia kuisha. Waliarifu mapema, aliyekuwa anategemea barua zile hatapata kitu. Na vivinjari pamoja na watoa vyeti wameshakubaliana kupunguza umri wa vyeti vya tovuti kwa awamu, hadi siku 47 ifikapo 15 Machi 2029. Kwa mkono hamtaweza.

Ukurasa wa 14 wa daftari langu una vyeti viwili ambavyo bado tunavihuisha kwa mkono, na jina lililoandikwa pembeni ni la mtu aliyekwisha hamia kazi nyingine. Jumamosi nitakuwa ofisini kuanzia saa tatu asubuhi. Anayejua mashine hizo ziko kabati gani aje na ufunguo.

Mzee wenu wa chumba cha seva