Ndizi tatu kabla ya mbuzi watatu

Mwalimu mwenzangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa watoto wako wa awali. Umeniuliza vitabu vya picha vitawafaa nini kwenye hesabu, nao wanaimba moja hadi ishirini bila kukosea. Wimbo huo usiuache. Ila mwambie mmoja wao, "Nipe vizibo vitatu," na huenda akakuchotea konzi nzima. Hapo ndipo kitabu kinapohitajika.

Kwanza chagua kurasa, usichague kitabu kizima. Vitu vya kuhesabiwa vikae mbalimbali, visibebane. Mchoro wa nazi nne chini ya mnazi wenye nazi nyingine juu utakupa tabu: mtoto atazihesabu zote, na atakuwa sahihi.

Halafu kuna jambo la lugha yetu wenyewe, na hili ndilo ninalokuomba ulishike sana. Katika wimbo mtoto amesikia "mbili". Kitabuni anakutana na mbuzi wawili, mayai mawili, viatu viwili. Kwetu ni idadi ileile. Kwake yanaweza kuwa maneno manne yasiyojuana. Kwa hiyo anza na ndizi, nazi, ndoo na kofia, maana hapo namba hutamkwa kama zilivyo katika wimbo: ndizi moja, mbili, tatu, nne, tano. Zikishakaa, ndipo ulete mayai na viatu, kisha mbuzi. Akisema "mbuzi mbili", usimkatize. Mjibu tu, "Naam, mbuzi wawili," mwendelee.

Wakae sita kwenye mkeka, si darasa zima. Kitabu kidogo mbele ya watoto arobaini kinazaa kiitikio tu. Dakika kumi zinatosha. Ukifungua ukurasa, taja jumla kwanza: "Hizi ni ndizi tatu." Papo hapo hesabu kwa kidole: moja, mbili, tatu. Mpangilio huo unamwonyesha mtoto kwamba neno la mwisho la kuhesabu ndilo jina la idadi yote. Kisha uliza, "Ndizi ni ngapi?" Akianza tena moja, mbili, tatu badala ya kujibu "tatu", bado hajalifikia hilo. Usimkaripie, rudi kwenye kurasa za mbili na tatu. Kutoka kuielewa mbili hadi kuielewa tatu kunaweza kuchukua miezi, kwa hiyo usikimbilie kumi.

Kosa utakaloliona sana ni la kidole. Mtoto anasema "ta" kwenye ndizi moja na "tu" kwenye inayofuata, au kidole kinateleza kikiacha mdomo nyuma. Picha haisogezwi, kwa hiyo hana alama ya kumwambia ipi ameshaihesabu. Mpe vizibo vya soda. Kila ndizi aifunike kwa kizibo kimoja huku akitaja namba moja, na kizibo kibaki palepale. Akimaliza, avishushe vyote kwenye mkeka vikae mstari mmoja, aseme ni vingapi. Kisha vitawanye, uulize tena bila kuongeza wala kupunguza. Anayejibu bila kuhesabu upya ameshaelewa kwamba kutawanya hakubadili idadi.

Kama vitabu ni haba, tengenezeni. Karatasi tatu za A4 zikikunjwa katikati na kushonwa kwa uzi zinatoa kurasa kumi na mbili: mbili za jalada, kumi za ndani. Zikifunguliwa zinakuwa jozi tano, yaani moja hadi tano: kushoto picha, kulia tarakimu kubwa. Chora kitu kilekile kote, kiongezeke kimoja kimoja, ili kinachobadilika kiwe idadi peke yake. Nne na tano zipange kwanza mstari mmoja. Toleo la pili zitawanye. Sifuri ichore nje, kwenye jalada la nyuma: sahani ya ndizi iliyobaki tupu.

Ukivuka kumi, Kiswahili chenyewe kitakusaidia. "Kumi na tatu" inajieleza, basi weka ukurasa wenye vitu kumi kando ya ukurasa wenye vitu vitatu, waione. Ishirini haijielezi hivyo. Hiyo waonyeshe kwa kurasa mbili za kumi.

Niandikie wakishafika kwenye mbuzi, unieleze nani bado anahesabu upya kila unapomuuliza "wangapi?"

Ni mimi,
mwalimu mwenzako